Mwalimu wa Keriko: dola milioni moja na bili ambayo haijalipwa

Jumapili ya tarehe 24 Machi 2019, mjini Dubai, mwigizaji Hugh Jackman alitaja jina ambalo Wakenya wengi hawakuwa wamewahi kulisikia. Bruda Peter Tabichi, mtawa wa Kifransisko mwenye umri wa miaka 36, mwalimu wa hisabati na fizikia katika shule ya upili ya kutwa ya Keriko, kijiji cha Pwani, Kaunti ya Nakuru, alipanda jukwaani akiwa amevaa joho lake la kahawia. Alikuwa ameshinda Global Teacher Prize, tuzo ya mwalimu bora duniani, kutoka orodha ya watu 10,000 wa nchi 179. Hakuna Mwafrika aliyekuwa ameishinda kabla yake. Kitita chake kilikuwa dola milioni moja za Marekani, ambazo wakati huo zilikaribia shilingi milioni 100 za Kenya.

Kisa hiki kimesimuliwa mara nyingi kama habari za mtu mwema, na Tabichi kweli ni mtu mwema. Lakini anayetaka kujua wakfu wenye pesa za kampuni unaweza kumsaidia vipi mwalimu na mwanafunzi hatapata mengi kwenye wema peke yake. Itambidi apige hesabu. Na hesabu ya kwanza ni ile iliyorudiwa redioni, magazetini na hata makanisani: kwamba bruda huyu hutoa asilimia 80 ya mshahara wake kwa wasiojiweza. Watu waliipokea kama sifa. Mimi naisoma kama bili. Ni jumla ya sare, vitabu na chakula ambavyo mtoto wa shule ya umma alipaswa kuwa navyo, hakuwa navyo, na mwalimu mmoja akavilipia.

Kwanza tujue pesa za tuzo zilitoka wapi. K. S. Varkey na mkewe Mariamma walikuwa walimu kutoka Kerala, India, waliohamia Dubai mwaka 1959. Mwaka 1968 walifungua shule yao, Our Own English High School. Mtoto wao Sunny aliichukua mwaka 1980, na baadaye akaikuza ikawa GEMS Education, kampuni kubwa ya shule za binafsi ambazo wazazi hulipa karo. Mwaka 2010 alianzisha wakfu unaobeba jina la familia, Wakfu wa Varkey, ambao ndio unaotoa tuzo hii. Kabla ya tuzo kuwepo, wakfu huo ulikuwa umeshaingia Afrika kwa kazi isiyo na kelele: kuwafunza walimu wakuu Uganda, na kurusha masomo kwa satelaiti hadi shule za vijijini Ghana, ambako wasichana walilengwa zaidi.

Mwaka 2013 wakfu huo ulichapisha utafiti wa nchi 21 kuhusu hadhi ya mwalimu machoni pa watu. China peke yake ndiko watu walikomweka mwalimu daraja moja na daktari. Hapo ndipo hoja ya tuzo ilipopata nguvu: mchezaji mpira na mwanamuziki wana jukwaa lao, mwalimu naye apewe lake. Mshindi wa kwanza, mwaka 2015, alikuwa Nancie Atwell wa Maine, Marekani. Mwaka uliofuata akawa Hanan Al Hroub wa Palestina. Ni hoja ninayoikubali. Katika nchi ambayo mzazi humwambia mtoto mwenye alama za juu asipoteze bahati yake kwa kusomea ualimu, kumwona mwalimu wa shule ya kutwa akipigiwa makofi na dunia nzima kunagusa kitu halisi. Baba yake Tabichi, naye mwalimu, aliyewalea watoto baada ya mama yao kufariki Peter akiwa na miaka 11, alikuwa ukumbini siku hiyo. Hilo si jambo dogo.

Sasa turudi Keriko.

Anayezijua shule za kutwa za vijijini Kenya hahitaji picha. Hizi ndizo shule zinazopokea watoto waliokosa nafasi katika shule za kitaifa, na wale walioitwa huko lakini nyumbani hakukuwa na pesa za bweni wala sanduku. Keriko, kwa maelezo yaliyotolewa wakati wa tuzo, asilimia 95 ya wanafunzi walitoka familia maskini, na karibu theluthi moja walikuwa yatima au wenye mzazi mmoja. Wapo waliokuja shule bila kula. Wapo waliotembea kilomita saba katika barabara ambayo mvua ikinyesha haipitiki. Dawa za kulevya, mimba za utotoni, ndoa za mapema, kuacha masomo, hata kujiua, yote yalikuwa sehemu ya maisha ya pale. Mwalimu mmoja alihudumia wanafunzi 58. Vyumba vilivyojengwa kwa ajili ya wanafunzi 35 hadi 40 vilibeba 70 au 80.

Shule ilikuwa na kompyuta moja ya mezani na intaneti ya kukatikakatika. Hata hivyo Tabichi alitumia teknolojia katika vipindi vinne kati ya kila vitano. Alifanyaje? Alikwenda saiba, duka la intaneti ya kulipia, akatafuta masomo na picha, akayapakua na kuyahifadhi, kisha akarudi nayo darasani yatumike bila mtandao. Hapo nakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo unapoona bili inavyojiandika. Saiba hulipiwa kwa dakika. Nauli ya kufika mjini hulipwa mkononi. Jioni hiyo ya kupakua faili haimo kwenye ratiba ya shule, na hakuna fomu ya kujaza ili urudishiwe. Mwalimu anayefanya hivyo mara moja anaonekana mbunifu. Akifanya hivyo wiki baada ya wiki amekuwa idara nzima ya teknolojia ya shule, kwa gharama zake.

Matokeo yalikuwepo, nayo yanafaa kutajwa kwa kiasi chake, bila chumvi. Katika miaka mitatu idadi ya wanafunzi iliongezeka mara mbili, ikafika 400. Visa vya utovu wa nidhamu vilishuka kutoka 30 kwa wiki hadi vitatu. Mwaka 2017 wanafunzi 16 kati ya 59 waliendelea na masomo ya juu. Mwaka 2018 waliendelea 26. Wasichana walianza kuwapita wavulana katika mitihani. Klabu ya sayansi ilitengeneza kifaa cha kuwawezesha wasioona na wasiosikia kupima vitu, wakakipeleka kwenye mashindano ya kitaifa ya sayansi ya mwaka 2018, na shule ikaongoza katika kundi la shule za umma. Wengine walizalisha umeme kutokana na mimea ya kwao wakapata tuzo ya Royal Society of Chemistry ya Uingereza. Timu ya hisabati ikafuzu kwenda Arizona, Marekani, kwa mashindano ya kimataifa ya Intel mwaka 2019.

Ongezeko la kutoka 16 hadi 26 ni vijana kumi. Kuna watakaosema ni wachache mno kwa kelele zote hizo. Kwa kijiji kimoja katika mwaka mmoja, kumi ni wengi sana, na atakayebisha aende awaulize wazazi wao.

Kuna klabu nyingine ambayo vichwa vya habari vingi viliipita: klabu ya amani. Nakuru iliumia vibaya katika ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, na watoto waliokuwa wakiketi dawati moja Keriko walitoka makabila saba. Walimu waliwaweka pamoja katika mijadala na shughuli za mikono. Tabichi aliingia pia mashambani, akawaonyesha wanakijiji mimea inayostahimili ukame. Haya yote hayamo kwenye mtaala wa fizikia. Ni kazi ambayo katika shule ya mijini yenye pesa ingegawanywa kwa mshauri wa wanafunzi, kasisi wa shule na afisa wa ustawi wa jamii.

Sasa hesabu yenyewe, ambayo nadhani ndiyo kiini cha kisa. Wanafunzi 400, mwalimu mmoja kwa wanafunzi 58. Gawanya: unapata walimu saba hivi. Ili kila mwalimu awe na wanafunzi 40, shule ingehitaji walimu kumi. Pengo la Keriko, lililoandikwa duniani kote kama mfano wa ugumu wa kufundisha Afrika, lilikuwa walimu watatu.

Na kuna jingine. Maelezo ya tuzo yenyewe yanasema Tabichi na wenzake wanne waliwafundisha wanafunzi wanaobaki nyuma, mmoja mmoja, nje ya vipindi na wikendi. Watano kati ya saba hivi. Yaani karibu chumba kizima cha walimu kilikuwa kikibaki shuleni wengine wakienda nyumbani. Sheria za tuzo zinataka jina moja, kwa hiyo lilitoka jina moja. Siwezi kumlaumu Tabichi kwa hilo. Alizoea kusema ushindi ni wa wanafunzi na wa walimu wenzake. Kasoro iko kwenye muundo. Mwaka uliofuata, 2020, mshindi Ranjitsinh Disale kutoka Maharashtra, India, alionyesha muundo huo unaweza kukunjwa: aligawa nusu ya pesa zake kwa wenzake tisa waliofika fainali, kila mmoja akapata kama dola 55,000. Alilazimika kufanya kwa hiari yake jambo ambalo lingeweza kuandikwa kwenye kanuni.

Kanuni za tuzo, hata hivyo, zina sehemu mbili nzuri kuliko watu wanavyojua. Dola milioni moja hazitolewi kwa mkupuo. Hulipwa kwa mafungu sawa kwa miaka kumi, dola 100,000 kila mwaka. Na mshindi hutakiwa kubaki mwalimu kwa angalau miaka mitano. Nimeona misaada mingi ya makampuni inayokuja na hundi kubwa ya kadibodi, picha, fulana na keki, kisha gari linaondoka na halirudi. Mpango wa miaka kumi unamlazimisha mtoaji kubaki na mpokeaji kupanga. Mtoto aliyeingia kidato cha kwanza mwaka 2019 angeweza kumaliza sekondari na chuo kabla fungu la mwisho halijafika.

Tuziweke pesa hizo mbele ya pesa za serikali. Chini ya mpango wa elimu ya sekondari ya kutwa bila karo, mgao wa serikali uliwekwa shilingi 22,244 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Wanafunzi 400 ni karibu shilingi milioni 8.9. Fungu moja la mwaka la tuzo lilikuwa kama milioni kumi kwa thamani ya wakati ule. Yaani mwalimu mmoja wa fizikia, mtu aliyeweka nadhiri ya ufukara, alishikilia kila mwaka pesa zinazozidi mgao wa shule nzima. Alisema wazi kwamba zingeenda kuboresha shule na kulisha maskini, na kwa mtu kama yeye hilo linaaminika. Lakini mpango unaotegemea mpokeaji awe mtawa ni mpango wenye bahati. Hauwezi kunakiliwa shule inayofuata.

Tena pesa zinamfuata mtu, shule inabaki ilipo. Tume ya Huduma za Walimu, TSC, huajiri na kuhamisha. Mwalimu akihamishwa kutoka Nakuru kwenda kaunti nyingine, tuzo huondoka naye halali kabisa, na watoto wa kijiji cha Pwani hawana dai lolote. Wala pesa za tuzo hazifai kuwaajiri wale walimu watatu waliopungua. Shule inaweza kuwachukua kupitia bodi, kama shule nyingi za Kenya zinavyofanya, lakini mwaka wa kumi na moja mishahara yao italipwa na nani? Itarudi kwa mzazi. Walimu watatu ni kazi ya TSC, na wakfu wowote unaojifanya unaweza kuiziba nafasi hiyo unaipa serikali sababu ya kuiacha wazi.

Linabaki suala la asilimia 80, na hapa naomba niseme bila kuzunguka. Mfransisko hana mke wala watoto. Anaishi na ndugu zake wa shirika, wanakula pamoja, paa lipo. Mwalimu wa kawaida wa Kenya ana kodi ya nyumba, karo ya wanawe, mzazi mgonjwa kijijini na mkopo wa SACCO unaokatwa kabla mshahara haujaingia benki. Huyo naye hutoa. Hununua kalamu, humpa mtoto nauli, humlipia mwanafunzi chakula cha mchana, hununua sodo kwa msichana aliyekosa siku tatu za darasa. Hatoi asilimia 80, labda tano, labda kumi, na hakuna kamera. Tukimsifu Tabichi kwa namna inayomfanya kila mwalimu ajione mchoyo kwa kuishi na familia yake, tutakuwa tumemdhulumu Tabichi pia. Yeye hakusema kila mwalimu aishi hivyo. Alifanya alichoweza kwa sababu alikuta pengo.

Upande wa wanafunzi una mfano wake, nao pia umeanzia Kenya. Wakfu wa Varkey ulishirikiana na Chegg.org, tawi la misaada la kampuni ya Marekani inayouza huduma za masomo mtandaoni, kuanzisha tuzo ya mwanafunzi mwaka 2021. Mshindi wa mwaka 2023 alikuwa Nhial Deng, kijana wa Sudan Kusini aliyekimbia kutoka Ethiopia mwaka 2010 akiwa na miaka 11 baada ya kijiji chao kushambuliwa, akatembea hadi kambi ya Kakuma, Turkana, akakulia na kusomea hapo. Alipotangazwa alikuwa chuo kikuu nchini Canada. Kitita kilikuwa dola 100,000. Namfurahia kwa dhati, na kazi aliyoifanya na vijana wenzake wakimbizi ilistahili kutambuliwa. Lakini tazama alikuwa wapi pesa zilipomfikia: alikuwa ameshavuka. Tuzo kwa asili yake humkuta mtu akiwa amefika. Aliyekwama kidato cha pili Kakuma kwa kukosa sare haingii kwenye orodha ya wanaopendekezwa.

Kwa sababu hiyo kule Kenya mipango ya ufadhili, kama Wings to Fly, ambao wakfu wa benki ya Equity uliuanzisha mwaka 2010 pamoja na Mastercard Foundation, huenda njia nyingine. Humchukua mtoto mlangoni, kabla hajathibitisha lolote zaidi ya mtihani wa kuingia sekondari (hadi mwaka 2023 ulikuwa wa darasa la nane), na kumlipia karo na mahitaji hadi amalize sekondari. Ni njia ghali, yenye makaratasi na kamati, na haipigi picha nzuri jukwaani. Naiona kuwa bora kwa mwanafunzi. Kwa mwalimu bado hatuna inayolingana nayo. Tuna tuzo, tuna semina za siku mbili hotelini, tuna vyeti.

Kama ningeombwa ushauri na wakfu wa kampuni unaotaka kufanya kazi katika shule za kutwa za kaunti moja, ningeanza na swali moja kwa kila mwalimu, lijibiwe kwa siri bila mwalimu mkuu kuwa chumbani: muhula uliopita ulilipa nini shuleni kutoka mfukoni mwako? Majibu yaandikwe kwa shilingi. Saiba kiasi gani, sare ngapi, vyakula vingapi, nauli ya kumtembelea mzazi yupi. Kisha uundwe mfuko mdogo katika kila shule, wa miaka kumi kama mafungu ya Dubai, ambao mwalimu yeyote anaweza kuomba kwa risiti au kwa maelezo mafupi pale risiti isipopatikana, maana mama muuza mandazi hatoi risiti. Uidhinishwe na walimu wawili wenzake ndani ya siku mbili, siyo na makao makuu ndani ya miezi miwili. Usimamizi uwe wa chumba cha walimu kizima, kwa sababu Keriko imeonyesha kwamba kazi hufanywa na watano hata kama jina linalosomwa ni moja.

Na mwisho wa kila mwaka jumla ya risiti hizo ipelekwe wizarani na TSC ikiwa imechambuliwa: hizi ni za chakula, hizi za vitabu, hizi za intaneti, na hapa kuna upungufu wa walimu watatu ambao hatuulipii.